Mama Aliyesindikiza Wageni Hadi Chini ya Ardhi

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto jikoni, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Pulchérie, mama Inès, wa Rexdale. Narudia kwa waliochelewa: Pulchérie, mama Inès, wa kwenye maghorofa ya barabara ya Kipling. Ametutoka akiwa na miaka sitini na mmoja. Alianguka kwenye stesheni ya treni ya chini ya ardhi, stesheni ya Marlowe, katikati ya jiji hili la Toronto. Alikuwa amesimama. Alisimama kwa sababu hapakuwa na pa kukaa. Hilo lishikeni.

Alizaliwa Uvira, Kongo. Vita vikamtoa, akafika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na huko akaolewa na Cyriaque, mchoma matofali. Huyo mumewe anasema mke wake alikuwa na ugonjwa mmoja, kusindikiza watu.

"Mgeni akiaga tu, mama kashavaa ndala," anasema Cyriaque. "Anakwenda naye hadi kwenye kizuizi, pale askari anapomwambia, mama, mwisho hapa. Basi anasimama pale pale anaongea, mpaka askari mwenyewe anachoka."

Walipohamia huku Toronto, hapakuwa na askari wa kumwambia mwisho hapa. Pulchérie akajiwekea mwisho wake. Rafiki yake Joyeuse, anayeishi Flemingdon Park, akija kumtembelea, wakati wa kuaga wanatoka wote wawili. Wanapanda basi la Kipling, wanashuka chini kwenye treni, wanafika Marlowe ambako njia mbili zinakutana. Pale Joyeuse anashika njia yake, Pulchérie anarudi kwake. Ila hawaachani haraka. Palikuwa na benchi la mbao. Wanakaa, wanaacha treni zipite.

"Mazungumzo yenyewe yalikuwa pale," anasema Joyeuse. "Nyumbani tunakunywa chai mbele ya shemeji, tunaongea habari za baridi. Ya moyoni tulisema kwenye benchi. Shemeji, nisamehe, na wewe ulisemwa pale."

Cyriaque alikuwa anamcheka mkewe. "Unawapeleka kama maharusi. Hawana miguu?"

"Wanayo. Na wewe una mikono. Osha vikombe."

Wasikilizaji wapendwa, siku moja walifika Marlowe wakakuta benchi halipo. Matundu ya skrubu tu sakafuni. Wakubwa wameliondoa kwa sababu watu wasio na nyumba walikuwa wanalilalia. Yaani ili mtu mmoja asilale, jiji zima lisikae. Hiyo ni akili ya mkubwa anayekwenda kazini kwa gari.

Pulchérie alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kutwa anainua miili ya watu, anaosha, anageuza. Jioni vifundo vya miguu vimevimba kama viazi. Akaomba benchi lirudishwe. Wakamwambia piga simu. Akapiga, simu ikampigia muziki.

Basi akabeba kigoda chake cha jikoni. Ndiyo, kigoda, kile cha kukalia ukimenya ndizi. Akakaa nacho Marlowe, Joyeuse amesimama kando anacheka mpaka machozi. Treni ya Joyeuse ikaja, akaondoka. Pulchérie akakisukuma kigoda ukutani, akakiacha pale kwa ajili ya mzee mwingine yeyote, akapanda yake.

Haikufika mbali. Ikasimama gizani. Tangazo likasema kuna kitu kisichojulikana kimeachwa stesheni ya Marlowe, treni zote zimesimamishwa. Abiria wakaguna. Pulchérie naye akasonya kwa nguvu. "Watu wengine hawana adabu kabisa," akasema. Kisha akakumbuka.

Akarudi Marlowe kukidai. Akamkuta msimamizi wa stesheni, Bi Shahnaz, amekishika kigoda kwa glavu. Pulchérie akampigia binti yake Inès amtafsirie.

"Anauliza kwa nini umekiacha, mama."

"Mwambie nimeacha kiti. Yeye aniambie cha kwake amekipeleka wapi."

"Mama, siwezi kumwambia mtu hivyo."

"Sema! Nilikuzaa uogope?"

Inès akasema. Bi Shahnaz akacheka kidogo, akasema si yeye, ni wa juu. Kila unayemuuliza hapa mjini ni wa juu. Sasa huko juu kuna nani? Kigoda hakikurudishwa.

Mwezi wa pili, baridi kali, Pulchérie alimsindikiza Joyeuse kama kawaida. Treni yake ya kurudia ilichelewa sana. Akaegemea nguzo. Akaanguka pale kwenye nguzo. Bi Shahnaz alikuwa wa kwanza kufika, akamwekea koti lake chini ya kichwa. Hospitali wakasema moyo. Cyriaque anasema ni kusimama. Mimi si daktari. Lakini sisi wagane, tuliofiwa na wake, tunalijua swali linalokuamsha usiku: je, angekuwa amekaa?

Kwenye matanga Cyriaque alisema mbele ya watu wote, mtu wa stesheni ile asikanyage mlango wangu. Siku ya kumaliza matanga, Jumapili mchana, mlango ukagongwa. Bi Shahnaz, na maua.

Inès akamkaribisha. Akapewa sombe, yale majani ya muhogo, na wali, akala akamaliza. Akatoa pole kwa kila mtu. Akasimama kuaga.

Katika nyumba ile mgeni hakuachwa mlangoni hata siku moja. Sasa mwenye kusindikiza amezikwa, na mgeni ndiye huyu. Watu wote wakamtazama Cyriaque.

"Mlango anaujua," akasema.

"Papa, huyu amekula kwa mama."

Cyriaque akakaa. Akasimama. Akakaa tena. Bi Shahnaz alishavaa viatu. Ndipo Cyriaque akanyanyua koti. "Simsindikizi kwa upendo," akamwambia Inès. "Njoo utafsiri. Nataka afike."

Wakapanda basi, wakashuka kwenye treni. Marlowe, Cyriaque akaionyesha ile nguzo. "Mwambie asimame hapa."

Bi Shahnaz akasimama. Treni yake ikaja, akapiga hatua. "Bado," Cyriaque akasema. Ikaondoka. Ikaja nyingine. "Bado." Inès akaona aibu, akataka kumshika baba yake mkono, baba akauchomoa. Nyingine. "Bado." Yule mama akaanza kuhamisha uzito, mguu huu, mguu ule. Miaka yote amefanya kazi mle ndani, ila ofisini ana kiti. Akageuza shingo kulia, akageuza kushoto.

"Mwulize anatafuta nini," akasema Cyriaque.

Inès akauliza. Bi Shahnaz akasema, na Inès akatafsiri polepole: "Anasema anatafuta pa kukaa."

"Haya. Sasa aende awaambie hilo hilo wa juu."

Treni ikaja, na safari hii akamfungulia njia, akampa mkono.

Wasikilizaji wapendwa, hadi leo ninapozungumza nanyi, benchi halijarudi. Bi Shahnaz anasema amewaambia. Cyriaque anakwenda kila Jumapili kutazama, anarudi amekasirika zaidi. Simlaumu.

Tunampa pole Cyriaque. Tunampa pole Inès. Tunampa pole Joyeuse, ambaye amejilaumu bure, na shemeji yake amemwambia mbele yetu, wewe ulikuwa mgeni tu, mama. Na wewe mkubwa, kama kuna mtu wa kukutafsiria maneno haya, tafakari: kitu unachotaka kuwaondolea watu, umeshawahi kukihitaji ukiwa umechoka?

Mungu ampokee Pulchérie, mama Inès, wa Rexdale. Ampokee, na kabla ya kumuuliza lolote, amkalishe.