Mama Loki na Mnara wa Chumvi

Leo, Alhamisi tarehe 31 Agosti 2006, Bi. Phelista Nasimiyu Sifuna anavua gambuti zake nyeupe baada ya miaka thelathini na miwili katika Ushirika wetu wa Maziwa wa Neema. Aliingia hapa Kitale akiwa msichana wa kuosha mitungi, na anatoka akiwa mkuu wa mapokezi ya maziwa. Katika miaka hiyo amekataa maziwa ya wakulima, ya wachungaji, ya diwani mmoja, na mara moja ya mama mkwe wake. Na kila mmoja wetu ameambiwa, atake asitake, ni albamu gani ya roki inayofaa masikio na ni ipi inayofaa kufunikia sufuria.

Mgeni anayesoma kijikaratasi hiki na aelewe mapema. Roki ya Bi. Phelista si ya kuchezwa harusini. Ni muziki wa vijana wa Kizungu wa miaka ya sabini walioamua kwamba wimbo hauna haja ya kuisha upesi, wala kuimbwa, wala kupigwa kwa vyombo vinavyojulikana. Sanduku zima la santuri hizo aliachiwa mwaka 1977 na mwalimu wa kujitolea aliyekuwa amepanga chumba kwa wazazi wake kule Ndalu. Siku ya kurudi kwao, mwalimu aligundua kwamba sanduku lilikuwa zito kuliko nguo zake zote.

Majina ya Kiingereza yalimchosha, basi akazipa albamu majina yake kufuatana na picha za jalada. Hukumu nazo alizitoa mapokezi. Anayejua kazi yetu anaijua laktomita, kile kijiti cha kioo kinachoelea kwenye maziwa na kumtoa hadharani mwizi anayeyatia maji. Bi. Phelista alikuwa na laktomita nyingine kichwani, na hiyo haikumwogopa mtu.

Albamu aliyoiita Treni Bila Reli, yenye wimbo mmoja unaomaliza upande mzima, ilipata alama ya juu kabisa: maziwa mazima, na malai juu. Tulipolalamika kwamba dakika ishirini ni nyingi mno kwa wimbo, alisimama katikati ya kantini, kikombe mkononi, akatujibu. "Nyimbo za kutahiri za kwetu zinaimbwa mpaka asubuhi, hakuna anayeangalia saa. Mzungu akijaribu kidogo tu, ati ni ndefu?"

Albamu ya baadaye ya bendi hiyo hiyo, yenye nyimbo fupi fupi za kupendeza redioni, aliisikiliza mara moja tu. Imetiwa maji, akasema. Mtungi urudishwe kwa mwenyewe.

Halafu kuna Chumba cha Saa. Hiyo haina wimbo hata mmoja. Ina bawaba zinazolia, bomba linalodondoka, na mtu anayekwaruza nyuzi za gitaa kwa tupa ya kunolea panga. Ijumaa aliyoiweka kwa mara ya kwanza wakati wa chai, fundi wetu Kibiwott alizima mitambo yote, akaingia kantini mbio na spana, akiuliza ni pampu gani imekufa. Alipoonyeshwa sahani ya santuri ikizunguka polepole, alikaa chini kwanza. "Hiyo si muziki, bana. Hiyo ni breakdown." Bi. Phelista akamweleza kwamba albamu hiyo ni mala, maziwa ya kuchachushwa: siku ya kwanza unatema, siku ya tatu unauliza kama imebaki. Kibiwott leo anayo kwenye kaseti. Akikana, muulizeni mkewe.

Mwaka 2001 Ushirika ulimtuma Bungoma kufungua tawi. Wakulima wa upande wa Chwele walizoea kuleta maziwa jua likishapanda, yakiwa yameanza kuchacha. Bi. Phelista hakugombana na mtu. Aliweka kaseti yake mapokezi, akaipiga kwa sauti kubwa kuanzia saa mbili asubuhi, na kutangaza kwamba wanaotaka utulivu waje mapema. Baada ya mwezi mmoja foleni ilikuwa inaisha kabla ya saa mbili. Uongozi ulimpa cheti kwa mafanikio hayo, nacho hakitaji muziki mahali popote.

Ila albamu moja haikuwa mzaha kwake. Aliiita Mnara wa Chumvi. Ni albamu ya sahani mbili inayosimulia habari za mtu anayejenga mnara wa chumvi nchi nzima ikimcheka. Kila wimbo mnara unapanda. Kwenye wimbo wa mwisho wa sahani ya kwanza mawingu yanakusanyika, kinanda kinaguna, tone la kwanza la mvua linagonga ngoma, na sauti inakatika. Unaitafuta sahani ya pili, na mfuko wake kwenye jalada ni mtupu. Mwalimu wa kujitolea alimwazima mtu na kusahau ni nani.

Kwa miaka ishirini na tisa, basi, Bi. Phelista hajajua kama mnara ulisimama. Kantini iligawanyika. Dereva wetu wa lori, Bw. Nderitu, alishika msimamo wake siku ya kwanza na hajauachia: "Chumvi ni chumvi, Mama. Mvua haijui mziki." Bi. Phelista naye hujibu kwamba chumvi ikiyeyuka hadithi imeisha kwa dakika mbili. Sahani nzima ingekuwa ya nini? Tulicheka, tukachukua pande, tukarushiana maneno. Lakini mwaka jana, akifunga kabati lake la santuri hapa kantini, alisema kwa sauti ndogo kwamba haogopi kustaafu. Anaogopa kufa bila kujua.

Hapa lazima nieleze jina la Mama Loki. Sisi wa huku tunajijua. Watu wa Bungoma wakiona r wanatia l, nasi ambao babu zetu walitoka Nyeri tukiona l tunatia r. Tukikutana kwenye simu, Mungu ndiye mkalimani. Mwaka 2002 Nderitu alikuwa akienda Nairobi kuchukua vipuri, na Bi. Phelista akampigia kutoka Bungoma akimwomba amtafutie loki, ile namba mbili. Nderitu alizunguka siku nzima. Alikuwa amesikia lock ya Kiingereza, akarudi na kufuli la shaba namba mbili, kubwa, la kufunga lango la jela. "Si ulisema loki?" Bi. Phelista alikaa juu ya mtungi uliopinduliwa, akacheka mpaka foleni nzima ya wakulima ikacheka naye bila kujua sababu. Kufuli alilitia kwenye kabati la santuri, na Mama Loki akawa Mama Loki.

Nderitu alicheka pia, ila jambo lile lilimkaa rohoni. Tangu hapo, kila safari ya kukusanya maziwa, aliuliza habari za roki ya zamani: Chwele, Kimilili, Webuye, kote. Watu walitikisa kichwa. Mwaka huu, mwezi wa Juni, akiwa sokoni Chwele, aliamua kumeza kiburi na kuuliza kama wenyeji wanavyotamka. Loki ya zamani. Mara mbili alipelekwa kwa mafundi wa kufuli. Mara ya tatu mama mmoja muuza vitunguu akapiga makofi: "Aa, unatafuta mwalimu wa loki! Yule wa Malakisi!"

Mwalimu Mukhisa wa Malakisi amestaafu siku nyingi. Ujanani alifundisha shule moja na yule mwalimu wa kujitolea, na mwaka 1977 aliazima sahani moja, akaja kuirudisha, akakuta mwenyewe ameshapanda ndege. Ni sahani ya pili ya Mnara wa Chumvi. Amekaa nayo miaka yote hiyo. Anajua mvua iliisha vipi, na hajui mnara ulianza vipi. Nderitu alipomweleza tu sahani anayoitafuta, mzee alimshika mkono kwa mikono yake miwili na kumuuliza swali lililokuwa limemkaa kooni: "Lakini kijana wangu, ule mnara ulijengwa na nani? Na kwa nini chumvi, jameni?"

Mama Loki, hayo hukuyajua. Tumekuficha miezi miwili, na Kibiwott nusura apasuke. Mzee mwenye koti la kahawia aliyeketi kushoto kwako, uliyeambiwa ni mgeni wa mwenyekiti, ndiye Mwalimu Mukhisa. Mpe mkono. Una mwanzo wake, ana mwisho wako. Sahani yake iko ndani ya kabati, nyuma ya kufuli la Nderitu, na ufunguo uko mfukoni mwa Nderitu, ambaye kwa heshima yako hajaisikiliza hata kidogo. Mnara ukisimama, ameshindwa, na ameahidi kucheza Treni Bila Reli hapa mbele, bila kuanguka.

Mwenyekiti amekubali kufupisha hotuba yake. Kibiwott atazima pampu, safari hii kwa makusudi. Itapigwa sahani ya kwanza, kisha ya pili, na hakuna atakayeinuka, hata wa kwenda msalani.

Asante, Mama Loki, kwa kila mtungi uliourudisha na kila wimbo uliotulazimisha kuumaliza. Umetufundisha kutohukumu kitu kabla hakijafika mwisho, na hilo limetufaa kuliko semina zote. Nenda Ndalu kwa amani. Tunakutakia maisha mema na marefu, marefu kama zile nyimbo zako, na asitokee mtu wa kuyatia maji.

Sasa weka karatasi hii chini. Nderitu anakuja na ufunguo, na mvua inaanza.

Rosaline Nyaruai, ofisi ya karani, kwa niaba ya wafanyakazi wote