Deogratias Bujiku Mayala, Kiungo Aliyeoa kwa Mtamba wa Mpira (1964–2025)

Deogratias Bujiku Mayala alizaliwa tarehe 12 Machi 1964 Nyalikungu, Maswa, mtoto wa nne wa Mzee Bujiku na Mama Martha. Alisoma shule ya msingi hapohapo, kisha sekondari Mwanza, alikohitimu kidato cha nne mwaka 1982. Walimu walimsifu kwa akili, ila walisema miguu yake ilikuwa na haraka kuliko kichwa.

Mwaka 1983 aliajiriwa katika kiwanda cha kuchambua pamba Bariadi, akawa kiungo na nahodha wa timu ya kiwanda. Mwenyewe alifunga kwa nadra. Kazi yake ilikuwa kuwapikia wenzake mabao.

Akampenda Minza, binti wa Mzee Ng'washi, mfugaji wa Mwandoya. Washenga walipofika, mzee alicheka hadi kofia ikaanguka. "Mtu mzima anakimbiza ngozi ya ng'ombe, ng'ombe mwenyewe hana! Binti yangu atakamua mpira?" Minza akamtumia ujumbe asikate tamaa, lakini asichelewe pia: mwanamume mwingine, mwenye zizi lililojaa, alikuwa ameshaleta salamu.

Agosti 1989 timu ya kiwanda ilishinda fainali ya wilaya kwa bao moja, pasi ikiwa yake. Zawadi ilikuwa mtamba mwekundu, na desturi ilikuwa kumchinja na kumla pamoja. Visu vilikwisha kunolewa kipa Mashimba aliposema, "Sisi tutashiba leo tu, kapteni atalia maisha yote. Mpelekeni Mwandoya!" Wakamswaga, jezi zikiwa bado mwilini. Mzee Ng'washi alimzunguka yule mtamba, akampapasa mgongo, akasema, "Kumbe ngozi nayo huzaa." Ng'ombe waliosalia wa mahari walifuata taratibu. Ndoa ilifungwa tarehe 11 Novemba 1989, na mtamba alipozaa ndama jike, mzee akawapa maharusi ndama huyo waanzie zizi lao.

Goti lilimstaafisha mpira mwaka 1996. Mwaka 2005 akaanza kutangaza mechi katika redio ya jamii, akifungua kila mara kwa salamu ya Kisukuma: "Mwadila, wachungaji wote mlio machungani!" Mzee Ng'washi alichunga redio ikiwa begani, akiwakemea wenzake: "Nyamazeni, mkwe wangu anacheza!"

Kuanzia mwaka 2012 alikuwa mwenyekiti wa Kigango cha Somanda. Matangazo ya sadaka ya mavuno ya kila jumuiya aliyasoma kama mechi: "Mtakatifu Anna wanaongoza kwa magunia manne! Mtakatifu Yosefu, mmelala golini?"

Mwaka 2023 kiharusi kilimpunguzia sauti. Alinong'ona matangazo, Minza akayarudia kwa nguvu na kuongeza ya kwake. "Refa huyu anapendelea," Deogratias alilalamika, akicheka. Alifariki nyumbani Somanda, Jumanne tarehe 8 Julai 2025, Minza akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Minza. Watoto Lukresia, Salvatory na Mektilda. Na wajukuu saba. Ng'ombe wa chakula cha mazishi leo ametoka zizini kwake, na ni wa uzao wa mtamba yule. Mzee Mashimba na wenzako mliobaki, karibuni mbele: nyama yenu imefika. Bwana ampe kapteni wetu pumziko la amani.