Hafiki Sura ya Mwisho

Macho hayana pazia, na siku hiyo ndani ya treni fundi cherehani aligundua kuwa masikio nayo hayana mlango. Kiti cha mbele, muuza vitabu aliyepakata boksi lake alikuwa akibishana na mwalimu aliyekutana naye humo humo.

"Dada, hivi vinauzika kama njugu!" alisema muuza vitabu. "Binti mwenye usonji anamnasa mwizi. Polisi wazima wameshindwa, yeye kaona. Unataka nini tena?"

"Nataka aalikwe," alijibu mwalimu. "Wenzake humkumbuka mambo yakikwama tu. Soma sura ya mwisho, kaka: wote wako kwenye sherehe. Yeye yuko wapi?"

"Aa! Hii ni hadithi ya upelelezi. Mwizi kakamatwa, basi."

"Basi kwako wewe."

Fundi aliacha kutazama dirishani. Binti yake, naye ana usonji, alivipenda vitabu hivyo kupita kiasi, lakini kila kimoja alikifunga mwizi anaponaswa, akakianza upya. Miaka yote yeye, mama mtu, alikuwa akimtania: "Wewe nawe, hata kitabu humalizi!"

Alitoa mfukoni kitabu kipya alichomnunulia, akaanza kukisoma kutokea nyuma, akilitafuta jina la yule mpelelezi mdogo.

Treni iliposimama, wale wawili walishuka wangali wanabishana. Yeye alikuwa ameshafika kwenye kukata keki, na jina bado hajaliona.