Utosi Uliojaa

Wakubwa zangu shikamooni, na nyie wadogo zangu hamjambo. Mwenyekiti kaniomba niseme, na mie kusema mbele za watu siyo fani yangu. Ila nitasema, maana naona humu wenye vichanga mapajani.

Tulikuwa tumehamia Bunju, nyumba haijapigwa hata lipu. Mwanangu wa kiume anaelekea miezi mitatu, chanjo tumeichelewesha kwa ajili ya kuhama. Jirani yetu wa nyuma naye alikuwa na kichanga, umri mmoja. Tulikuwa tukiwapokezana, kila mgeni anabeba, kila mgeni anabusu. Yule wa jirani akashikwa na homa, akakakamaa, akafa. Watu wakasema ni degedege, limeshapata lake, limeondoka. Ndugu zangu, nawaambia, lilikuwa halijaondoka.

Matanga ya jirani hayajaisha, wangu akakataa ziwa. Mwili wa moto, kilio kimekuwa chembamba, na nikimbeba ndiyo analia zaidi. Mtoto gani analia kwa kubebwa? Hilo liliniogopesha kuliko homa.

Mama mkwe wangu, aliyelea wajukuu wengi, akafanya tunachofanyaga wote: akaweka vidole utosini. Sie tumefundishwa kuogopa utosi uliobonyea. Huu haukubonyea. Ulikuwa umejaa, umetuna, mgumu chini ya kidole. Akashusha pumzi, akasema mtoto hana shida, maji yamo mwilini. Nyumba nzima tukafurahi. Kumbe tunafurahia ugonjwa wenyewe.

Mchana shingo ikakaza, macho yakaganda juu. Nikataka kukimbilia hospitali, wakanizuia. Nyie mnalijua hili, msijifanye wageni: mtoto wa degedege hachomwi sindano, akichomwa anakufa. Mie nimesimama na khanga begani, sijui niende au nikae, na mtoto anazidi kukakamaa.

Ndipo akaingia yule jirani, kitambaa cha msiba bado kichwani. Akamgusa mwanangu utosini, akaondoa mkono haraka.

"Wa mwanangu ulijaa hivihivi," akasema. "Na hakuchomwa sindano. Mbebe, twende."

Nikambeba.

Hospitali wakasema ni homa ya uti wa mgongo, ya bakteria. Daktari akanieleza kwamba wadudu wale hukaa kooni kwa mtu mzima asiyeumwa hata mafua, wakahama kwa kikohozi na mabusu, na wakimfikia kichanga asiye na chanjo wanaingia mpaka kwenye ubongo. Niliposikia hivyo nikawakumbuka wageni wetu wote, na vicheko vyao. Baadaye wahudumu wa afya walipita mtaani nyumba kwa nyumba, wakiulizia watoto wenye homa.

Nawashukuru manesi wale. Namshukuru mama mkwe wangu, ambaye siku hizi anawaambia wenzake kwamba utosi uliotuna si shibe. Na jirani yangu, aliyeacha msiba wake kuja kumwokoa wangu, sina cha kumlipa. Wenye vichanga, wapelekeni chanjo kwa wakati, na mkiona utosi umejaa na mtoto ana homa, msiite kikao.

Mwanangu yule pale mkekani. Alipona, ila masikio hayakurudi. Kwa hiyo mkitaka kumpongeza msimpigie makofi. Mpungieni mikono, ataona.