Nyumba ya Kona na Benchi Lake

Kwenye kona ya barabara iendayo stesheni, pale Mpanda, palikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma, na mbele yake benchi la mninga lililokaliwa mpaka likang'aa kama limepakwa mafuta. Mwenye nyumba na muuza kahawa wa benchi hilo alikuwa mtu mmoja: Pelagia, mjane wa Kipimbwe, watu wakimwita Mama Mary. Mwaka ule wa tisini na nne alikuwa anauza nyumba. Kwao Usevya kulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, mwenyewe kazeeka, anaiachia kwa laki saba, na atamngojea Pelagia mpaka mwisho wa mwezi. Pelagia hakutaka kurudi kwao akawe bibi wa kuletewa sukari na watoto. Alitaka kurudi na mashine, watu wapange foleni na magunia yao, wamwambie shikamoo huku wanamsubiri. Basi nyumba alitaka laki tisa: saba za mashine, mbili za kuanzia maisha. Lakini kila mnunuzi aliyekuja alizunguka, akaguna, akataja bei ya kuokota njiani. Na kila aliyekuja, benchi zima lilimjadili utadhani nyumba ni ya benchi.

Asubuhi hiyo mmoja alikuwa ndiyo kwanza ameondoka. Kasema laki tatu na nusu, na kahawa kanywa.

— Tatu na nusu! Lyamba aligonga kikombe gotini. Huyu alikuwa mstaafu wa reli, wenzake walimwita Behewa, maana akishakaa hasogei mpaka aje wa kumvuta. — Tatu na nusu ni bei ya choo, Mama Mary. Tena choo bila mlango.

— Kosa ni lako, Mama Mary, alisema Kalisti. Huyu waliita Redio, kwa sababu habari zote za nchi zilipitia kwake kwanza, na nyingine zilianzia kwake. — Unataja bei haraka. Mtu akitaja bei ya chini, wewe pandisha. Kasema nne, mwambie kumi. Kasema tatu, mwambie kumi na mbili. Ataogopa kufungua mdomo.

— Ataogopa kurudi! alidakia Méthode. Huyo ni fundi baiskeli, mtu wa Katumba, kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, ila yeye mwenyewe alionekana huko kwa nadra. Jina lake kijiweni lilikuwa Spoku. — Yewe Redio, wewe umewahi kuuza nini?

— Nimeuza mawazo.

— Ndiyo maana unakunywa kwa mkopo.

Pelagia alicheka, akamimina. Tangawizi ilikuwa kali siku hiyo, alikuwa ameiponda kwa hasira.

— Sikilizeni mimi, alisema Behewa. — Dawa ni bati. Mtu akipunguza laki, Mama Mary anapanda juu anang'oa bati mbele ya macho yake. Laki nyingine, bati lingine. Unamwambia, baba, nyumba ya bei yako ndiyo hii, karibu ukae.

— Mvua je?

— Mvua imnyeshee nani? Yeye ndiye amenunua!

— Bati halitoshi, alisema Spoku. — Kwetu mtu akitaja bei ya kijinga, mwenye nyumba anaingia ndani analala. Hasemi neno. Mnunuzi anabaki na mke na watoto, wanamtazama tu. Siku ya pili vilevile. Baba yangu mdogo alilala hivyo mpaka mnunuzi akaanza kumletea uji, akidhani amemuua.

— Akanunua?

— Alioa binti. Nyumba ipo mpaka leo.

Benchi likatikisika kwa kicheko. Redio alingoja watulie, akashusha sauti kama mtu anayesoma taarifa ya habari.

— Nyie mnacheza. Mji huu una dhahabu. Mimi kesho naacha neno sokoni kwamba Mama Mary alikuwa anachimba shimo la taka, jembe likagonga kitu kinang'aa. Basi. Mpaka saa sita wanunuzi ishirini.

— Sasa kama ana dhahabu, Behewa aliuliza, anauza nyumba kwa nini?

Redio alifikiri. — Hana haja ya pesa.

— Mungu wangu, alisema Pelagia.

Hapo ndipo baiskeli ya Manyanda ilipopiga kengele. Manyanda alikuwa Msukuma mwenye kofia ya pama, alikuja Mpanda na ng'ombe, akauza nusu yao, sasa anatafuta mahali pa kufungua duka. Hii ilikuwa mara yake ya tatu. Mara ya kwanza alisema laki nne, ya pili akarudia nne.

— Mayu, hujambo? Alimwita mayu kwa heshima, kama mama yake. — Nimekuja tena. Nimefikiri. Nne na nusu, basi tumalizane.

— Karibu kahawa kwanza, baba.

Akakaa. Akaanza kama siku zote: ukuta una ufa, milango ya zamani, ua mdogo.

— Tena jambo kubwa, mayu, ni hawa. Alionyesha benchi kwa kidole gumba. — Kutwa kelele. Nani atanunua nyumba yenye wazee mlangoni? Hiyo peke yake inakula laki mbili.

— Sisi! alisema Behewa. — Sisi tunakula laki mbili?

— Mimi mwenyewe sijawahi kula hata elfu tano, alisema Redio.

Manyanda alikuwa amegeuzia nyumba mgongo, anatazama barabara. Walikuwa wakipita watu wa Magamba na mkaa kwenye baiskeli, wanasimama, wanakunywa kimoja, wanaondoka. Mwanamke wa Mwamkulu alitua beseni la mchele, akaomba kikombe.

— Mayu, aliuliza bila kugeuka, siku ya treni pia wanakuwa wengi namna hii?

— Mara mbili ya hivi, alisema Pelagia.

— Ahaa.

Pelagia akabaki ameshika birika hewani. Mtu huyu amekuja mara tatu. Chumba cha kulala hajaomba kukiona. Kisima hajakiuliza. Ufa anaousema yuko mbali nao, hata hautazami. Anachokitazama ni watu. Na watu hawakuja kwa ajili ya ukuta wala mlango. Walikuja kwa benchi, hilohilo analolikatia laki mbili.

Akaweka birika chini.

— Baba Manyanda, umesema kweli, alisema. — Wazee hawa ni kero. Behewa! Redio! Spoku! Inukeni.

— Tuende wapi? Behewa alishtuka.

— Chukueni benchi, mkaliweke ng'ambo, mbele ya kibanda cha Spoku. Nyumba niiuze ikiwa kimya.

— Mama Mary, unatufukuza sisi?

— Nyanyua, mzee, nimesema.

Mninga si mti wa mchezo. Behewa alishika huku, Spoku kule, Redio akashika katikati na kutoa maelekezo. Walivuka barabara wakiyumba, baiskeli zikiwapisha. Pelagia aliwafuata na birika, jiko la mkaa na beseni la vikombe, mgongo umenyooka kama anakwenda altareni.

— Miaka yote nalifuata benchi, Spoku alihema, leo benchi limenifuata mimi!

Watu wa Magamba walifika konani, wakatazama kulia, wakatazama kushoto, wakavuka. Mwanamke wa mchele akajitwisha beseni lake, akavuka. Mpiga kiwi akavuka na kisanduku. Kwenye baraza ya nyumba ya kona akabaki Manyanda, kofia mkononi, na mbuzi mmoja wa jirani aliyepanda ngazi, akamtazama, naye akashuka, akavuka.

Manyanda aliona barabara nzima imemgeuzia mgongo. Alistahimili kama muda wa kunywa kikombe kimoja, kikombe ambacho hakuwa nacho. Kisha akavuka.

— Mayu, tuseme sita.

Pelagia alikuwa anamhudumia mtu wa mkaa. — Tangawizi iongezwe, baba?

— Saba!

— Redio, sogea huyu akae.

— Nane, mayu! Nane, na benchi lirudi!

Hapo benchi zima liliinama mbele kusikiliza. Pelagia alijifuta mikono kwa kanga, akamgeukia.

— Nyumba ni laki tisa, baba. Jana ilikuwa tisa, juzi ilikuwa tisa. Ukitaka benchi lirudi barazani, utanikodia na lori la kunifikisha Usevya, mimi na vyombo vyangu vyote. Hutaki, hapa Spoku ana nafasi nzuri, tutazoea.

— Nyingi sana, Spoku alisema, ananyoosha miguu.

Manyanda alitazama kona tupu, akatazama benchi lililojaa. — Haya, mayu. Tisa. Na lori.

Kelele zilizolipuka pale ziliwatoa watu madukani. Redio alikwenda mbio kumwita balozi wa nyumba kumi awe shahidi, na hakukuwa na aliyewahi kumwona Redio akikimbia. Karatasi iliandikwa kabla ya jua kuwa kali, pesa za ng'ombe zikapita mkono kwa mkono, Behewa akasema kweli kumbe ni ile dawa yake ya bati, ila Mama Mary ameanza na benchi. Hakuna aliyembishia. Siku kama hiyo kila mtu aruhusiwe kushinda.

Benchi likarudishwa. Wakalivusha kwa nyimbo. Manyanda alikaa katikati, mwenye nyumba mpya, anawapungia wapita njia, anawaonyesha wapi kaunta ya duka itakaa, wapi sukari, wapi sabuni.

— Na nyie wazee hamuondoki, alisema. — Nyie ni wa hapahapa.

— Tutakaa, mwanangu, tutakaa, alisema Behewa.

Manyanda alinyoosha kikombe kiongezwe. Hakuna aliyekipokea. Akageuka: Pelagia alikuwa ameinamisha birika kumwaga mabaki, anafunga vikombe kwenye gunia.

— Samahani wazee, aliuliza Manyanda. — Lori likishamchukua mayu, kahawa atapika nani?

Behewa alimtazama Redio. Redio akamtazama Spoku. Spoku akatazama kibanda chake, kana kwamba kuna baiskeli inamwita. Pelagia alikuwa keshaingia ndani na gunia lake, wakamsikia akitupa sufuria moja juu ya nyingine, anaimba kwa sauti ya mtu ambaye tayari anaiona foleni ya magunia mbele ya mashine yake.