Mdakaji na Mdogo Wake

Sogeeni wanangu, na wewe Githinji mkwe wangu, zima hicho kiyoyozi kidogo, kinameza sauti yangu, na sauti yenyewe ndiyo hii iliyobaki. Kendi, usinikonyezee nipumzike. Unesi ni wa huko kwa wagonjwa wako, hapa wewe ni binti yangu, na leo nasema mpaka niishe. Bradley, umeshuka ndege asubuhi hii kutoka Marekani, na bado umesimama mlangoni kama mgeni. Keti. Kuna nafasi kando ya kaka yako Mutwiri. Hutaki? Haya, kaa hapo miguuni pangu, lakini sikiliza.

Kwanza namshukuru Mungu, tena sana. Nilikuwa mkulima wa kahawa kule Nkubu, na yule mwalimu aliyekuja kanisani kwetu na gongo la kupigia mpira na glavu nilidhani amepotea njia. Kumbe ndiye aliyewafungulia njia ninyi wawili. Leo naaga dunia hapa Al Thumama, nchi ya Waarabu, nyumbani kwa binti yangu, nimeoshwa, nimelishwa, nasikia ndege zikitua, na kwa macho yangu nimeona wanangu wawili wamevaa jezi moja katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, Mutwiri akichuchumaa kudaka, Bradley akirusha. Baba gani wa Nkubu amepewa hivyo? Mimi sidai kitu.

Na mjue kazi ile haina mwenyewe. Wapo waliopandishwa kwenye timu yenu Jumanne, Ijumaa wakarudishwa ligi ya chini na mabegi yao, wasiitwe tena. Mutwiri alidumu miaka tisa, magoti yamefura, kila jioni barafu. Nyumba ya mawe kule nyumbani ni jasho la magoti hayo, na masomo yako, Bradley, ni hayo hayo. Nyumba nawaachia wote watatu, Kendi akiwemo, na yeyote atakayesema binti harithi, mwambieni niliyasema haya nikiwa na akili zangu timamu. Shamba la kahawa lisiuzwe. Nizikeni kando ya mama yenu, bila mbwembwe.

Sasa nifike kwenye donda. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Aki mimi nimelima miaka miwili, kapu bado tupu.

Ile mechi ya mwisho ya msimu mnaikumbuka. Mdakaji ndiye humwambia mrushaji kwa vidole arushe mpira gani. Mutwiri aliomba wa kupinda, wewe Bradley ukaitikia kwa kichwa, halafu ukarusha wa kasi, kwa sababu kiburi cha ujana kilikwambia unaweza. Mpigaji akautandika ukavuka ukuta, na msimu ukaishia hapo. Mutwiri akaachwa na timu, wewe ukabakishwa. Tena waandishi walipokuuliza, ukajibu ati kaka yako amezeeka, ameishiwa. Maneno hayo yalimfika, baba, yakamchoma. Tangu hapo hamjasalimiana. Yeye yuko hapa Muaither anafundisha watoto wa wageni kudaka, wewe uko Marekani na jezi yako.

Lakini hukujiuliza kwa nini aliachwa yeye? Ulijua mwenyewe ulichorusha. Ukangoja kocha akuite, hakukuita, ukasema moyoni Mungu amenisitiri.

Nyamaza, Mutwiri! Usinishike mkono. Najua uliniapisha nisiseme siku ile tukitembea ufukweni Al Wakrah, na kiapo nakivunja leo. Nitaenda kukijibu mwenyewe huko, tena si mbali. Bradley, kocha aliwaita wazee wa timu akauliza nani aliomba ule mpira wa kasi. Kaka yako akasema, "Ni mimi." Alijua magoti yake yamebakiza msimu mmoja na mkono wako ndio unaanza, akautoa ule msimu wake. Kisha akasikia redioni ukimwita mzee, akanyamaza.

Mutwiri, asante mwanangu. Siku ile nililia tu, sikukwambia asante. Na wewe Bradley, sikuchukii hata kidogo, nakupenda, ndiyo maana sikutaka nikuache na ujinga huu. Khalas, kama wanavyosema watu wa hapa. Limekwisha.

Kendi... maji. Kwa pamba tu, kwenye midomo. Hivyo.

Mnajua kwetu baraka ya mzazi ni kutemewa mate kiganjani. Kendi nilimbariki asubuhi akinigeuza. Lakini kinywa kimekauka, wanangu... nimebakiza mate ya mara moja tu, na mimi sitachagua kati yenu. Bradley, inuka. Leta mkono wako wa kurushia. Mutwiri, wako huu wa kudakia. Unganisheni viganja... karibu zaidi... hapo.

Mungu awape... awape umri. Awape kusameheana kabla ya... Kazi zenu zikiisha, ninyi msi... msiishe.

Bradley, mbona unalia ukiniangalia mimi? Mimi niache. Geuka, baba. Mwangalie kaka yako.