Jina Kwenye Karatasi ya Gari

Ba tata na ba mama, wakubwa wa parokia, wenzake wa garaji, majirani wote mlioacha kazi zenu kuja kulia nasi, anayesimama mbele yenu ni mimi Kanku, shemeji wa marehemu, kaka wa mjane, na familia imenipa kazi hii kwa sababu wengine wote wamekataa kuishika karatasi hii. Nitaisoma kama ilivyo, maana mwenyewe ndiye aliyetaka iandikwe hivyo, na anayetaka kukasirika anikasirikie mimi baadaye, si sasa.

Ngeleka Kalala alizaliwa tarehe 13 Novemba 1931 katika kambi ya wafanyakazi ya Panda, Likasi, mtoto wa kwanza wa tata Mulumba, aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, na mama Elise, na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Stanislas, padri alimpa jina hilo bila kuuliza mtu. Miaka tisa baadaye alizaliwa mdogo wake, Kazadi, na mama yao alipofariki ni Ngeleka aliyembeba mgongoni, akampikia bukari, ugali wetu, akampeleka shule kwa mkono.

Alisoma shule ya msingi ya mapadri hapo hapo Likasi kuanzia Septemba 1938 hadi Julai 1945, kisha shule ya ufundi, akapata diploma yake ya makanika mwezi wa Juni 1950. Tarehe 2 Januari 1951 alianza kazi Kolwezi katika garaji ya malori ya mgodi, na wenzake waliopo hapa ni mashahidi kwamba aliweza kusikia ugonjwa wa injini lori likiwa bado getini. Tarehe 8 Septemba 1956 alifunga ndoa na dada yangu Laurentine Mbombo, na Mungu akawajalia watoto wanne, ambao wote mnawaona hapa mbele.

Sasa nafika kwenye gari. Wengi wenu mmelicheka na wengi mmelitamani, basi mjue lilivyoingia katika nyumba ile. Nyuma ya garaji lilikuwepo gari dogo la mashindano, la Kiingereza, Triumph ya mwaka 1957, viti viwili tu, injini imeshikana, sakafu imeliwa na kutu, panya wamezaa ndani ya viti, na enjinia mzungu mwenye gari alikuwa anafunga mizigo arudi kwao. Tarehe 4 Desemba 1971, Ngeleka alimpa akiba yake yote na baiskeli yake juu, na mzungu akamwandikia karatasi ya mauzo yenye maneno mawili matatu, kwamba gari hili sasa ni la Bwana Stanislas, basi, kwa sababu miaka yote ile hakuwahi kujua kama mtu huyu ana jina lingine. Walipolisukuma hadi nyumbani, dada yangu alisimama mlangoni akauliza, “Tata, unaleta maiti mu nyumba, nani atalilia?” na Kazadi akacheka mpaka akakaa chini.

Mwezi mmoja tu ukapita, mwaka 1972, majina ya ubatizo yakakatazwa nchi nzima. Ngeleka alibadilisha kitambulisho, akabadilisha kadi ya kazi, lakini ile karatasi ya gari hakuigusa, akasema gari lisilotembea halina haja ya jina, akaiacha ndani ya gari kwenye kisanduku cha mbele.

Ndugu hawa wawili walitengeneza gari hilo miaka sita, kila Jumamosi mchana na kila Jumapili baada ya misa. Kazadi alikuwa fundi wa kuunganisha vyuma, alikaa katika chumba cha uani kwa kaka yake pamoja na mke wake Mbelu, na yeye ndiye aliyekata sakafu yote iliyooza akaweka mpya, akanyoosha milango kwa nyundo ya mbao. Ngeleka alifanya injini. Joint ya injini, lile bamba jembamba la kuziba injini isivuje, haikupatikana Kolwezi, wala Lubumbashi, wala ng'ambo kule Zambia, basi akaomba sufuria ya shaba ya mapadri iliyotoboka, akaikata, akaichoma moto hadi ikalainika, akaichonga kwa tupa majuma matatu. Mama Mbombo alishona paa kwa turubai. Siku ya Pasaka, tarehe 26 Machi 1978, gari liliwaka, likiwa jekundu kama Kazadi alivyotaka, wakaenda wawili hadi Musonoi na kurudi, meno yao yamejaa vumbi, na dada yangu anasema hajawahi kumwona mume wake na furaha kama ile, wala kabla, wala baada.

Jumanne tarehe 16 Mei 1978, siku ya nne ya vita ndani ya mji wetu, watu wenye silaha, waliokuwa wakisaka wazungu nyumba kwa nyumba, waliingia uani saa tatu asubuhi, wakaona gari chini ya turubai, wakauliza mzungu mwenye gari amefichwa wapi. Ngeleka akajibu kwamba hakuna mzungu, gari ni letu. Wakafungua kile kisanduku, wakaikuta karatasi. “Stanislas ni nani?” Ngeleka alikuwa na kitambulisho mkononi, chenye jina lingine, na alichotakiwa kusema ni neno moja, mimi. Akasema, “Simujue.” Wakamwambia kama Stanislas hatoki, watachoma nyumba na waliomo, na ndani alikuwemo dada yangu, chini ya kitanda na watoto wanne, anasikia kila kitu. Ngeleka akakirudisha kitambulisho mfukoni. Ndipo Kazadi akatoka katika chumba chake, mikono ina grisi, akamtazama kaka yake, akasema, “Stanislas ni mi.”

Wakacheka, wakasema kumbe mtumishi wa wazungu amechukua hata jina lao, wakaondoka naye. Kutoka uani hadi kona ya avenue, barabara yetu, ni hatua mia moja, na kwa hatua zote hizo Ngeleka angeweza kuita. Hakuita. Wakampiga Kazadi risasi pale konani, na vita vilipopoa alizikwa na wengine katika kaburi la pamoja, bila sanduku.

Mbelu alikuwa Likasi kwa mama yake pamoja na watoto, amejifungua. Aliporudi, Ngeleka alimwambia mume wake alipigwa na risasi iliyopotea, akienda kuchota maji wakati kila mtu amekatazwa kutoka. Akamwomba mke wake anyamaze, na dada yangu akanyamaza, naye leo anaomba radhi. Kwa hiyo miaka karibu sita Mbelu amewalea watoto watatu akiwaambia kwamba baba yao alikufa kwa kichwa kigumu, na Ngeleka alikaa meza moja nao, akiyasikia maneno hayo, akimeza bukari. Uchungu ulioje, jamani. Gari hakuliendesha tena.

Ugonjwa ulianza Mei 1983, miguu kuvimba, halafu mafigo, akaacha kazi mwezi wa Septemba, akalazwa mara mbili. Tarehe 11 Februari 1984 aliniita, akaniambia niandike, akasema, “Shemeji, musifiche kitu, Mbelu asikie na bantu basikie.” Alikata roho Jumanne tarehe 14 Februari, saa kumi alasiri, akiwa na miaka 52.

Jana familia ilikaa, wengine wakasema haya ni aibu, yazikwe naye. Dada yangu hakungoja, alikwenda mwenyewe kwa Mbelu, akapiga magoti, akamwambia yote. Mbelu akasema, “Mi ntakuya. Lakini mutasoma na ya bwana yangu, juu batoto yake basikie.”

Familia inawashukuru waganga na wauguzi, wenzake wa garaji waliotengeneza sanduku, majirani waliotuletea kuni na maji, na wanakwaya. Aksanti sana.

Na sasa natii neno la Mbelu. Kazadi alizaliwa Likasi tarehe 2 Juni 1940. Alisoma miaka sita. Alikuwa fundi wa vyuma. Alifunga ndoa na Mbelu tarehe 6 Agosti 1966, wakapata watoto watatu, na wa mwisho hakumwona. Hakuugua. Hakwenda kuchota maji. Watoto, simameni watu wawaone: baba yenu alitoka chumbani kwa miguu yake mwenyewe, kwa ajili ya watu sita.

Kazadi, pumzika kwa amani. Ngeleka, mwombe kwanza mdogo wako msamaha, halafu upumzike na wewe.